Mwano wa Saa Nne Asubuhi

Ngokolo, Shinyanga
Alhamisi, 1 Februari 2024

Mdogo wangu Luka,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungepokea simu, kwa hiyo nimeamua kuitikia kabisa tusipoteze muda.

Barua hii inakuja na Masalu, pamoja na viroba ishirini vya sembe vya wateja wangu wa huko Namba Saba. Nimeishonea kwenye mdomo wa kiroba cha Vumilia, mama ntilie wenu, chenye uzi mwekundu. Masalu ni dereva mzuri, lakini ukimpa bahasha mkononi anaandikia namba za watu juu yake, halafu anaisahau kwenye dashibodi mpaka inakuwa rangi ya chai.

Sasa nisikilize. Tangu tarehe ishirini mwezi uliopita nimekupigia mara kumi na nne. Mara kumi na moja simu imeita mpaka ikachoka yenyewe. Mara tatu ulipokea, na mara zote tatu ukasema hivi hivi: "Shikamoo dada, hamjambo, watoto hawajambo, tunamshukuru Mungu, haya dada, baadaye." Ukakata. Mimi bado nina sentensi mdomoni.

Mama naye ana lake. Jumapili alikupigia kutoka Kishapu kwa simu ya jirani. Mkasalimiana vizuri, mwangaluka zote zikapita, nyumbani, watoto, mpaka hali ya ng'ombe. Kisha akakuuliza, "Luka, utakuja lini kuniezekea jiko?" Ukamjibu, "Mzima kabisa mama, na wewe?" Akarudia. Ukamwambia, "Nitawafikishia salamu." Mama amelia. Ananiambia, "Mwanangu amepata karasha la kusaga mawe ya dhahabu, sasa ananijibu kama mtu anayemfukuza nzi."

Mimi nilianza na kinu na mchi, nikauza unga kwa kopo pale stendi, na leo nina mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Wewe nilikufundisha hesabu kwa punje za mahindi. Kama kuna jambo nimekukosea, liseme. Kama ni ukubwa wa kumiliki karasha, useme pia, nijue nakaa wapi.

Huku tumechoka na kunong'onezwa. Sijui watu wa siku hizi wana nini. Mteja anasimama mbele yako anazungumza kama yuko kitubioni, mpaka umwambie arudie mara mbili. Redio nimeibadilishia betri mara tatu mwezi huu na bado inanung'unika tu.

Nijibu. Masalu anarudi Jumapili.

Dada yako,
Scolastika

*

Machimbo ya Namba Saba, Geita
Jumamosi, 3 Februari 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini heshima haizidi.

Hujanikosea lolote. Huku mtandao ni mbaya. Unakuja, unaondoka, kama paka wa jirani. Ndiyo maana nakata mapema, naogopa utaniacha katikati. Nimefikiri, tuwe tunaandikiana hivi hivi. Barua ina heshima, mtu anaisoma mara mbili, na wewe ukinigombeza kwa maandishi nayameza kidogo kidogo siku tatu nzima.

Mama mwambie nitakuja kuezeka kabla ya Pasaka. Mwambie sikumdharau, ni mtandao.

Kazi inaenda. Tuko wanne: mimi kwenye swichi na mizani, Fredy na wenzake wawili kwenye karasha. Mawe ni mengi msimu huu, wenye mifuko wanapanga foleni tangu alfajiri. Fredy anakusalimu. Anasema sembe yako ni nyeupe mpaka inamkumbusha dhambi zake. Vumilia naye anakusifu, ila anasema kiroba kimoja kilipungua nusu kilo. Nimemwambia hesabu za dada yangu hazipungui, labda alimega mwenyewe njiani. Amenirushia kifuniko.

Kabla mtandao haujaharibika ulinizungumzia vile viziba masikio na barakoa ulivyoviona kwa yule mkaguzi aliyekuja mashineni kwako mwaka jana. Dada, hayo ni mambo ya migodi mikubwa, ya watu wenye makofia na mageti. Sisi tuko wanne chini ya bati. Fredy akitaka mashine izimwe anapiga kelele "Zima!" nami nazima. Usalama gani mwingine?

Nakupenda, hata ukinuna.

Luka

*

Ngokolo
Alhamisi, 8 Februari 2024

Luka,

Mwambie Vumilia kilo hamsini ni kilo hamsini. Mizani yangu ilikaguliwa mwezi wa kumi na moja na ina stika.

Kuhusu mtandao. Simu isiyo na mtandao haiiti, mdogo wangu. Unaambiwa na yule dada wa sauti tamu kwamba haipatikani. Yako imeita mara kumi na moja. Tena Masalu, akiwa amesimama hapo hapo kwenye karasha lako Ijumaa, alimpigia mke wake hapa Ngokolo, wakagombana dakika ishirini na mbili bila kukatika hata mara moja. Mtandao wa kugombana upo, wa kuongea na mama haupo?

Lakini hilo naliweka kando, maana Masalu ameniletea zito zaidi.

Amenieleza habari ya mwano, lile yowe la kuita msaada. Eti mwishoni mwa Januari, saa nne asubuhi, ng'ombe wa mzee mmoja alitumbukia kwenye duara, shimo la dhahabu lililoachwa bila kufukiwa. Ukapigwa mwano. Ukapokelewa kilima kwa kilima. Watu wakaacha mawe, wanawake wakaacha masufuria, Vumilia alikimbia na mwiko mkononi. Wewe karasha lako lilikuwa limezimwa, umeketi kwenye ndoo, umewapa mgongo, unakunywa chai. Ukamaliza chai. Ukajimiminia nyingine.

Sungusungu wakakuita. Kamanda wao, huyo Thobias, akakuuliza kwa nini hukutoka. Wakakutoza mbuzi dume na debe la mahindi, ukatoa bila neno moja.

Luka. Wewe?

Mtoto wa Nkwabi? Umesahau baba alikuwa anakuitaje? Digidigi! Mwano ukipigwa ng'ambo ya mto kule Kishapu, sisi wote bado tunatafuna, wewe ulikuwa umeshafika mlangoni. Siku ile ya wezi wa ng'ombe ulitoka na ndala moja, na tonge mkononi, una miaka tisa. Baba akasema, "Huyu masikio yake yanatangulia, mwili unafuata."

Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa anakunywa chai mwano unapita juu ya kichwa chake. Labda awe amekuwa mtu mwingine. Nataka kujua ni yupi.

Scolastika

*

Namba Saba
Jumamosi, 10 Februari 2024

Dada,

Shikamoo.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nakunywa chai. Ng'ombe hakuwa wangu. Mbuzi nimetoa, debe nimetoa, Thobias na watu wake wamekula na mchuzi wameunywa. Kesi imekwisha.

Masalu aendeshe gari.

Luka

*

Ngokolo
Alhamisi, 15 Februari 2024

Mdogo wangu,

Barua yako ina maneno machache kuliko lebo ya kiroba. Nimeisoma mara nne. Hukasiriki mtu anapokusingizia. Wewe hukasirika mtu anapokukaribia.

Kwa hiyo nikufungulie jambo. Wiki iliyopita nilimpa Masalu kazi mbili. Ya kwanza ni barua. Ya pili nilimwambia, "Ukifika, subiri karasha lizimwe. Simama nyuma yake hatua tano. Mwite kwa jina la utotoni, kwa sauti yako ya kawaida." Alikuita Digidigi. Mara ya kwanza, kimya. Akasogea hatua tatu, akakuita tena, kimya. Ya tatu alipaza sauti mpaka kuku wa Vumilia wakatawanyika. Wewe ulikuwa unafunga mfuko, unaimba. Alipokugusa bega uliruka kama umeguswa na nyoka, kisha ukamsalimia vizuri, ukamjibu salamu zote bila kukosea hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Salamu zetu, mdogo wangu, zina mpangilio. Nyumbani, watoto, kazi, mvua. Mtu anaweza kuzijibu kama anavyopanda ngazi gizani, mguu unajua kipandio kilipo. Ngazi zikiisha ndipo unapomwambia mama "mzima kabisa" akikuuliza habari ya jiko.

Hukumdharau mama. Hukupuuza mwano. Hukusikia. Sivyo?

Nimekaa nikapiga hesabu. Una miaka kumi na mmoja kwenye karasha. Saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki hamsini na mbili. Ni saa elfu mbili mia nne tisini na sita kwa mwaka. Zidisha kwa kumi na moja: saa 27,456. Vile vyuma vinagonga mawe ndani ya pipa umbali wa mita mbili kutoka kichwani kwako, saa 27,456, na masikio matupu. Hata mlango wa bati ungepasuka. Unasema viziba masikio ni vya migodi mikubwa. Sikio haliulizi kampuni ina watu wangapi.

Na usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mimbari. Unakikumbuka kitenge changu cha Krismasi, kile cha maua ya njano, nilichokuambia kimeungua na pasi? Nilikudanganya. Kilivutwa na mkanda wa mashine ya kusaga. Niliinama kuokota kopo, ncha ikaingia kwenye puli, nikavutwa mpaka ubavu ukafika kwenye chuma. Aliyeniokoa ni umeme. Ulikatika. Siku ile ndiyo siku pekee maishani nimeshukuru umeme kukatika. Nina kovu la urefu wa sentimita kumi na mbili. Kesho yake fundi Marcel alinijengea kizimba cha wavu kuzunguka mkanda, na tangu hapo hakuna anayeingia mle na kitenge kinachoning'inia, hata awe mke wa askofu. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Mimi dada mkubwa, mwenye mashine, nimeshindwa na mkanda! Kwa hiyo aibu naijua ilivyo, mdogo wangu, na najua inavyofunga mdomo.

Sasa swali moja tu, nalo nataka ulijibu kuliko yote. Fredy akipiga kelele "Zima!" na mkono wako uko kwenye swichi, ni nani anayesikia?

Usiwashe karasha mpaka umepata jibu.

Nakusubiri,
Dada Scola

*

Ngokolo
Alhamisi, 22 Februari 2024

Luka,

Masalu amerudi mikono mitupu. Anasema uliipokea barua, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni, ukawasha karasha.

Sina zaidi ya kusema wiki hii. Nimeshonea mdomoni mwa kiroba pamba ya kweli, ya shamba la mama. Iviringishe vizuri utie masikioni mpaka nipate vile viziba vyenyewe. Pamba haitoshi. Ni ya kuonyesha kwamba bado nakukumbuka.

S.

*

Namba Saba
Jumamosi, 2 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Swali lako limejibiwa, na si mimi niliyejibu.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Fredy alikuwa anakwangua mchanga chini ya karasha huku linazunguka. Tunafanya hivyo kila siku, kusimamisha ni kupoteza muda na foleni ni ndefu. Mkono wa shati lake ukashikwa na mkanda. Akapiga kelele, "Zima!" Mimi nilikuwa kwenye swichi. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi, dada. Nilikuwa naangalia mizani, nimempa mgongo, naimba.

Akaita tena. Akaita tena. Wale wenzake wawili walikuwa upande wa mawe, wakaanza kukimbia kuzunguka pipa. Vumilia alikuwa anakuja na chakula. Anasema alisikia zima ya nne, akaona mimi sigeuki, akachukua kilichokuwa mkononi akanirushia. Mwiko wa ugali ulinipata kisogoni, na ugali wake. Nikageuka kwa hasira kumtukana, ndipo nikaona mdomo wa Fredy umefunguka na hautoi kitu. Mimi nilikuwa naona kelele, dada. Siisikii, naiona.

Nikazima.

Fredy yuko hai. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekatwa kwenye kiungo cha pili, na mkono umechubuka mpaka kwenye kiwiko. Nilikaa naye hospitali siku tatu. Ni baba wa watoto wawili. Mke wake alikuja, akanisalimia, nikamjibu salamu zote sawasawa. Kisha akaniuliza jambo na sikujua ni nini. Sikutaka kumwambia "mzima kabisa". Nikakaa chini sakafuni, nikamwandikia kwenye karatasi ya dawa: Mama, mimi sisikii.

Nimeandika sentensi hiyo kwa mgeni kabla ya kukuandikia wewe. Nisamehe.

Ilianza na vitu vidogo. Kwanza ndege, walipotea bila kuaga. Kisha nikaona watu wote wameanza kunong'ona, nikadhani wananisengenya. Nikanunua redio mpya. Baadaye ikawa sauti za wanawake na watoto, halafu simu, simu ndiyo mbaya kuliko yote kwa sababu haina mdomo wa kuutazama. Nikajifunza salamu kwa vipandio, kama ulivyosema. Sijui ulijuaje.

Siku ya mwano niliona chai yangu inatikisika kwenye kikombe. Nikafikiri ni lori. Thobias aliponiuliza kwa nini sikutoka, nilikuwa na maneno mawili ya kusema, nikaona heri mbuzi. Mtu akijua mwenye karasha ni kiziwi, nani ataleta mkono wake pale? Nani ataleta mawe? Nilikuwa nailinda kazi, dada. Nikakilinda kila kitu isipokuwa kidole cha Fredy.

Karasha nimelizima. Wenye mifuko wamehamia kwa jirani. Sijui niliwashe au niliuze.

Fredy ameamka akiwa anatania. Amenionyesha mkono mwingine akasema kwa kutamka polepole, niusome mdomo wake: "Bosi, bado tisa."

Nililia mbele ya wodi nzima.

Digidigi wako

*

Ngokolo
Alhamisi, 7 Machi 2024

Digidigi wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nimekaa na barua yako juu ya magunia mpaka wateja wakaanza kujisagia. Sikugombezi. Maneno ya kugombeza nilikuwa nayo mengi, nimeyatafuta leo sijayaona.

Ila hesabu lazima niifanye, la sivyo sitalala. Mota yako inazunguka mara 1,440 kwa dakika, imeandikwa kwenye kibao chake, nilikuwepo ukiinunua. Ni mara ishirini na nne kwa sekunde. Zima nne za Fredy tuseme ni sekunde nne. Mizunguko tisini na sita. Kidole kilikwenda ndani ya mizunguko hiyo. Ingekuwa sekunde kumi tungekuwa tunaandikiana habari ya jeneza. Mwiko wa Vumilia umetufaa, lakini huwezi kuendesha kazi kwa kutegemea mama ntilie mwenye shabaha.

Hutauza. Kumuuzia mtu mwingine karasha lisilo na kizimba ni kumuuzia vidole vya watu wengine. Tutalitengeneza. Nakuja mwenyewe na Masalu Alhamisi ijayo, na fundi Marcel nimeshamkamata. Anakuja na wavu, na vyuma vya pembe, na swichi ya namna nyingine, ambayo ukivuta kamba inazima yenyewe. Pima kwa hatua zako kuzunguka karasha lote, pande zote nne, uniletee urefu. Kamba itapita usawa wa kiuno cha mtu, kila mahali ambapo mtu anaweza kusimama. Atakayeona hatari anavuta. Haombi ruhusa, hasubiri bosi asikie. Hata kama wewe ndiye bosi. Hasa kama wewe ndiye bosi.

Na mkanda ukizunguka, hakuna wa kukwangua chochote. Foleni ingoje. Mawe yamekaa ardhini tangu Mungu aumbe dunia, hayatakufa kwa kusubiri dakika tano.

Viziba masikio nimepata jozi sita, barakoa za vumbi boksi mbili. Utaniambia umeshachelewa. Kile kidogo kilichobaki kwenye masikio yako ndicho tunachokilinda. Na Fredy na wenzake yao bado mazima.

Lakini kuna kazi moja fundi Marcel haiwezi. Kabla hujawasha, utawaita watu wako, na wenye mifuko, na huyo Thobias, uwaambie kwa mdomo wako ulichomwandikia mke wa Fredy. Maneno mawili. Nitasimama karibu yako, upande utakaopenda.

Halafu tutapanda gari pamoja, ukapimwe hospitali hapa Shinyanga, kisha Kishapu kwa mama. Usimpigie. Nenda ukakae mbele ya uso wake.

Fredy mwambie kidole hakina bei, lakini siku zote ambazo hafanyi kazi anahesabiwa yuko kazini. Hilo si ombi.

Dada yako,
Scola

*

Namba Saba
Jumamosi, 13 Aprili 2024

Dada Scola,

Shikamoo. Ni mwezi mmoja tangu mwondoke, na huu ndio mwezi wa kwanza nimelala vizuri.

Kamba ni mita ishirini na sita, kama tulivyoipima. Imevutwa mara tano tangu tuwashe. Mara moja Fredy, alipoona jiwe limekwama. Mara moja mwenye mifuko aliyejikwaa akaishika asianguke. Mara tatu Vumilia, kuhakikisha inafanya kazi, na ili tule chakula kikiwa moto. Sijamkataza. Ule mwiko ameutoboa, ameufunga mwishoni mwa kamba, upande wa jiko lake. Wageni wanauliza, anawaeleza, na kila wiki umbali aliorushia unaongezeka. Sasa hivi umefika hatua thelathini.

Siku ile nilipowaambia watu kwamba sisikii, wewe umesimama nami, sikukuambia Vumilia alinong'ona nini, maana sikusikia. Juzi nikamwomba arudie mbele ya uso wangu. Alisema, "Kumbe! Sisi tulidhani una kiburi." Miaka yote hiyo, dada. Nilificha uziwi nikajulikana kwa kiburi. Nani amefanya biashara mbaya namna hiyo?

Wenye mifuko wawili hawakurudi. Wengine wamerudi, na mmoja ameleta ndugu yake, anasema pale kwa kiziwi ndipo mahali pekee mtu anaposikilizwa akisema zima. Thobias alikuja na sungusungu wake kunipa pole. Mbuzi alishaliwa, hawana cha kurudisha. Wamenirudishia ngozi.

Na mwano umepigwa tena, Jumatatu. Kibanda cha mama mmoja kilishika moto. Fredy alinishika mkono akaninyooshea upande. Nilitoka na ndala moja, dada. Sikukusudia. Nilifika wa tatu.

Jiko la mama limeezekwa, ulilikagua mwenyewe. Kitu ambacho hukukiona ni kwamba ulipokwenda kisimani alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akaanza kunisalimia upya tangu mwanzo, polepole, mwangaluka zote, na alipomaliza vipandio hakuniacha. Akaendelea. Nikasoma kila neno. Sitakuandikia alichosema, ni changu.

Sasa, la mwisho. Nimekuwa na muda wa kusoma barua zako zote upya, usiku na mchana ni kimya kwangu. Tarehe 1 Februari uliniandikia: wateja wananong'ona, mpaka warudie mara mbili. Redio umebadilisha betri mara tatu. Siku uliyokuwa hapa, Vumilia alikuita kwa upande wa kushoto, "Mama Rebeka, karibu ugali," na hukugeuka. Mimi nilimwona mdomo. Fredy alimsikia. Wewe ulikuwa unahesabu bolti.

Mashine yako ya kusaga, mota iko kushoto kwa kiti chako, tangu mwaka 2005. Wavu umefunga mkanda. Wavu haufungi kelele. Nimechukua punje zako za mahindi nikakupigia hesabu uliyonifundisha. Saa 2,496 kwa mwaka, mara kumi na tisa. Ni saa 47,424.

Jozi sita ulizoleta zote ulituachia sisi. Nimeshonea moja kwenye kiroba kitupu anachorudi nacho Masalu. Uzi mwekundu.

Nilijua kwa sababu hivyo hivyo ndivyo ilivyonianza mimi. Nenda kapimwe, dada. Kabla ndege hawajaondoka.

Luka

*

Ngokolo
Alhamisi, 25 Aprili 2024

Luka,

Marahaba.

Hesabu yako si sahihi. Mwaka 2011 mashine ilikufa miezi minne, na likizo ya uzazi wa Rebeka hukuitoa. Ni pungufu kidogo ya hiyo. Lakini njia ya kukokotoa ni sahihi, na nimejivunia.

Nilikaa na ile jozi siku tisa juu ya mizani bila kuivaa. Nilisema nitaenda Jumatatu. Jumatatu nikasema wateja ni wengi. Jumanne mteja mmoja, bibi wa watu, alisema kitu, nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia bibi acha kunong'ona. Binti yangu Rebeka akaniangalia, akasema, "Mama, bibi anapiga kelele."

Nikafunga mashine saa nne asubuhi. Foleni ikiwa pale pale. Miaka kumi na tisa sijawahi.

Yule daktari alinivalisha vitu kichwani, akasema nikisikia mlio ninyooshe mkono. Kulia nilinyoosha mkono kama mwanafunzi hodari. Kushoto nilikaa nimetulia, nikadhani bado hajaanza. Kumbe alikuwa amemaliza.

Kilichokwenda hakirudi, anasema. Kilichobaki tukilinde. Yaani kanisomea barua yangu mwenyewe.

Viziba nimevaa ninapokuandikia. Rebeka na wasagaji wote wawili wanavyo, kiti nimekihamishia upande wa pili, na fundi Marcel anakuja Jumamosi kunifungia kamba. Mwambie Vumilia natafuta mwiko, mzito, wa mti mgumu.

Na usicheke, Digidigi. Nakusikia. Kwa la kulia.

Dada yako,
Scola